Sola ya nyumbani kati ya mkoa na mkoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gharama na akiba

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaonijia kila mara, na mengi huanza kwa mtindo mmoja: fulani wa mkoa wa pili kafunga sola, kalipa kiasi hiki, bili yake imeshuka kwa kiasi kile, mbona mimi naambiwa mengine? Ni swali la haki kabisa. Kwa ufupi, kati ya mikoa inayopakana, jua huwa na sehemu ndogo sana katika tofauti hiyo. Mambo mazito ni bei ya umeme, kanuni ya kuuza ziada (umeme wa paneli ambao hukuutumia), na saa ambazo nyumba yako inatumia umeme. Mifano ya fedha nimeiandika bila sarafu ili uweke ya kwako.

Kwa jirani zetu jua ni kali zaidi. Si ndiyo maana sola inawalipa haraka kuliko sisi?

Mara nyingi sivyo. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyolinganisha nchi kwa umeme ambao kilowati moja ya paneli inaweza kutoa. Ilionekana kwamba asilimia 93 ya watu duniani wanaishi katika nchi ambazo wastani wake ni kati ya yuniti 3 na 5 kwa siku. Yuniti ninayoitaja kote hapa ni ileile ya kwenye mita, yaani kilowati moja ikifanya kazi kwa saa moja. Ikiwa dunia karibu nzima imo ndani ya kipimo hicho, mikoa miwili inayogusana itatofautiana kwa kiasi gani? Australia, kwa mfano, kadirio linalotumiwa na mafundi wengi ni yuniti 3.6 kwa siku kwa kila kilowati Melbourne, 3.9 Sydney na 4.2 Brisbane. Kutoka Melbourne hadi Brisbane ni zaidi ya kilomita 1,300, na tofauti yenyewe haifiki asilimia 20.

Tena watu wakisema "jua kali" wengi humaanisha joto, na joto ni adui wa paneli. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma zimepimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25. Kila nyuzi moja inayozidi hapo hula takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Weka kiganja nyuma ya paneli saa saba mchana, kwenye bati ambalo halikuachiwa nafasi ya hewa, na utakiondoa upesi. Hapo seli zimepita nyuzi 60, na zaidi ya moja ya kumi ya umeme imepotea. Ndiyo sababu mkoa wa milimani wenye baridi na anga safi unaweza kuushinda mkoa wa tambarare unaochemka.

Kuna hali ambazo jua hutofautiana kweli kati ya majirani. Mlima ukisimama kati ya mikoa miwili, upande mmoja hupata mawingu na mvua na wa pili hukauka. Pwani yenye ukungu wa asubuhi haifanani na bara lililo mwendo wa saa mbili tu. Ukiwa mahali kama hapo, usikisie, pima.

Nitapataje kipimo cha jua la kwetu bila kumtegemea muuzaji?

Kuna ramani mbili za mtandaoni zisizolipiwa ambazo nazitumia kila siku. Moja ni Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia, na ya pili ni PVGIS ya kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya. Unabonyeza mahali nyumba ilipo na kusoma yuniti ambazo kilowati moja itatoa kwa mwaka. PVGIS huanza kwa kutoa asilimia 14 ya upotevu wa nyaya, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na vumbi. Kadirio hilo ni la busara, liache lilivyo kama huna sababu ya kulibadilisha.

Usiishie kwenye jumla ya mwaka. Angalia mwezi mbaya kuliko yote. Mikoa miwili inaweza kuwa na jumla sawa, lakini mmoja ukawa na miezi mitatu ya mawingu mfululizo. Kwa anayeuza ziada kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za shirika la umeme, hilo si tatizo kubwa, ila kwa anayetegemea betri peke yake ni shida tupu.

Kama si jua, tofauti inatoka wapi?

Tuchukue nyumba mbili, kila moja ina paneli za kilowati 4. Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu ifuatike.

Nyumba ya kwanza iko upande wenye jua zaidi. Kilowati moja inatoa yuniti 1,600 kwa mwaka, jumla 6,400. Mfumo umegharimu 300,000. Umeme wa gridi unauzwa 10 kwa yuniti, na ziada inanunuliwa kwa 2.

Nyumba ya pili iko ng'ambo ya mpaka. Kilowati moja inatoa yuniti 1,350, jumla 5,400. Mafundi huko ni ghali, kwa hiyo mfumo uleule umegharimu 360,000. Umeme wa gridi ni 18 kwa yuniti, na ziada inanunuliwa kwa 6.

Familia zote mbili hutumia papo hapo asilimia 40 ya umeme wa paneli. Asilimia 60 inakwenda kwenye gridi, maana mchana watu wako kazini na shuleni. Nyumba ya kwanza inaepuka kununua yuniti 2,560, ambazo ni 25,600, na inalipwa 7,680 kwa ziada. Jumla ni 33,280 kwa mwaka, na mfumo unajilipa kwa miaka 9. Nyumba ya pili inaepuka kulipa 38,880 na inalipwa 19,440. Jumla ni 58,320, na mfumo unajilipa kwa miaka 6 na kidogo.

Yenye jua pungufu na mfumo ghali imetangulia kwa karibu miaka 3.

Sasa rudi kwenye nyumba ya kwanza. Wakianza kupasha maji, kufua, kupiga pasi na kuendesha pampu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na matumizi ya papo hapo yakapanda hadi asilimia 70, akiba ya mwaka inakuwa 48,640. Mfumo unajilipa kwa miaka 6 na kidogo, sawasawa na wa jirani. Hawakuongeza paneli hata moja. Hili nalisema kila ninapoweza kwa sababu limo mikononi mwa mwenye nyumba, wakati bei ya umeme na kanuni haziko mikononi mwake.

Bei ya umeme niisome wapi kwenye bili?

Watu wengi huchukua jumla ya bili na kuigawa kwa yuniti. Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu ndani ya bili kuna tozo zisizobadilika: ada ya huduma ya mwezi, pengine ada ya mita. Hizo utalipa hata paneli zikijaa paa zima. Sola inapunguza yuniti tu, pamoja na kodi zinazohesabiwa juu ya yuniti hizo.

Jambo la pili ni madaraja. Mahali pengi yuniti za mwanzo ni nafuu na zinazozidi kiwango fulani ni ghali. Ukifunga sola, yuniti zinazoondoka kwanza ni zile za juu kabisa, za bei kubwa. Kwa hiyo nyumba inayotumia umeme mwingi huokoa kwa bei ya daraja la juu. Nyumba ndogo iliyo ndani ya daraja la chini huokoa kwa bei ya chini, hata kama nyumba hizo mbili zimepakana ukuta. Nimeona watu wa daraja la chini wakishawishiwa kufunga mfumo mkubwa kwa hesabu ya bei ya daraja la juu, na inaniuma, kwa sababu ndio wasio na fedha ya kupoteza.

Kwa hiyo unapolinganisha mikoa, uliza hivi: yuniti ya mwisho ninayonunua mwezi huu inanigharimu kiasi gani, na yuniti ya mwisho ya jirani inamgharimu kiasi gani? Kama kwenu umeme una bei tofauti za mchana na jioni, bei ya mchana ndiyo inayohusika, kwani hapo ndipo paneli zinafanya kazi.

Kanuni za ziada zinatofautiana kiasi gani?

Sana, na hubadilika ghafla. Kuna taratibu tatu kuu. Wa kwanza, yuniti unayopeleka inafuta yuniti unayochukua, moja kwa moja, kama mita inayorudi nyuma. Wa pili, yuniti unayopeleka inanunuliwa kwa bei yake, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kununulia. Wa tatu, hulipwi chochote, na pengine inveta inatakiwa kuzuiwa isipeleke kitu nje.

California inaonyesha jambo hili waziwazi. Kuanzia tarehe 15 Aprili 2023, wateja wapya wa kampuni tatu kubwa za umeme zinazosimamiwa na tume ya huduma ya jimbo hilo waliingia kwenye kanuni mpya, na thamani ya yuniti ya ziada ikashuka kwa takriban robo tatu. Lakini jiji la Los Angeles lina shirika lake lenyewe la umeme, mali ya jiji, ambalo halimo chini ya kanuni hiyo na liliendelea na utaratibu wa kufuta yuniti kwa yuniti. Kwa hiyo nyumba mbili zilizotenganishwa na barabara ya mpaka wa jiji, chini ya jua lilelile, zinaweza kuwa na hesabu mbili zisizofanana hata kidogo.

Ubelgiji hali ni hiyohiyo ndani ya nchi moja. Mwaka 2021 eneo la Flanders lilifunga mlango wa mita kurudi nyuma kwa wenye mita za kidijitali, baada ya uamuzi wa mahakama ya katiba. Wallonia, iliyopakana nalo, imewaachia waliofunga kabla ya mwaka 2024 waendelee hadi mwisho wa 2030. Vuka mpaka uingie Uholanzi, na utaratibu huo unakoma tarehe 1 Januari 2027.

Somo kwako ni la vitendo. Kabla ya kulinganisha akiba yako na ya mtu wa mkoa mwingine, muulize alifunga lini. Aliyefunga kabla ya kanuni kubadilika mara nyingi amelindwa na masharti ya zamani, na akiba yake huwezi kuipata tena kwa fedha yoyote. Kisha iulize ofisi ya umeme ya kwenu, kwa maandishi, masharti yatadumu miaka mingapi.

Mbona mfumo uleule una bei tofauti mkoa na mkoa, ilhali paneli zinatoka kiwanda kimoja?

Kwa sababu paneli ni sehemu ndogo ya ankara. Bei yake duniani ilianguka kwa karibu asilimia 90 katika miaka kumi ya kuelekea 2020. Kilichobaki kuwa ghali ni kazi ya fundi, vyuma vya kushikia, nyaya, breka, inveta, usafiri, vibali, ukaguzi, na gharama ya muuzaji kukutafuta wewe. Marekani, kila wati ya sola ya nyumbani hugharimu zaidi ya mara mbili ya Australia, ingawa vifaa havitofautiani sana. Kinachotofautiana ni makaratasi, idadi ya siku za kusubiri ruhusa, na fedha zinazotumika kusaka wateja.

Ukipokea bei kutoka mikoa miwili, ziweke zote kwa kilowati moja ya paneli, yaani bei yote gawanya kwa kilowati. Halafu uliza kilichomo na kisichomo: usafiri, jukwaa la kupandia, waya wa kutuliza umeme ardhini, kinga ya radi, kubadilisha mita, ada ya kibali. Bei nafuu ya mkoa wa jirani mara nyingi imeacha vitatu kati ya hivyo. Ukimleta fundi wa mbali kwa sababu ni rahisi, hesabu pia atakuja kwa nauli ya nani inveta itakapozima mwaka wa tatu.

Na ruzuku au msamaha wa kodi?

Ihesabu ikiwa imeandikwa na tarehe yake ya mwisho imeandikwa. Ujerumani, kwa mfano, tangu tarehe 1 Januari 2023 kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia sifuri kwa mifumo ya nyumbani isiyozidi kilowati 30, kwa hiyo mnunuzi anaona nafuu siku anayolipa. Ruzuku ya kurudishiwa fedha baadaye ni jambo jingine: inabidi uwe na fedha yote mkononi kwanza, na kama ni punguzo la kodi ya mapato, inakusaidia tu ikiwa unalipa kodi hiyo.

Niongeze betri?

Kwa mtu wa gridi isiyokatika, tumia hesabu hii. Betri inayoweza kutoa yuniti 5 kila siku, yenye bei ya 150,000 na mizunguko 4,000 ya kujazwa na kutumiwa, itapitisha yuniti 20,000 maishani mwake. Kila yuniti inayopita humo imekugharimu 7.5 kwa kuhifadhiwa tu. Ongeza thamani ya ziada uliyoacha kuuza, na kwa kuwa karibu moja ya kumi hupotea njiani, ziada hiyo ni yuniti 1.1 kwa kila moja unayopata.

Katika nyumba ya kwanza ya mfano wetu, yuniti kutoka kwenye betri inafikia 9.7, na ya gridi ni 10. Faida karibu haipo. Katika nyumba ya pili inafikia 14.1, na ya gridi ni 18. Hapo betri inaanza kuwa na maana. Unaona kwamba jibu limeamuliwa na pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Penye mita inayorudi nyuma, gridi yenyewe ndiyo betri yako, tena haichakai.

Ukichagua betri, tofautisha aina. Za asidi na risasi hazitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo ya yuniti 5 ihesabu kama yuniti 2.5. Za lithiamu za fosfeti ya chuma huvumilia kushushwa zaidi na kudumu mizunguko maelfu, ila bei ya mwanzo ni kubwa. Na zote huchukia joto. Betri iliyofungiwa chini ya bati la moto itakufa kabla ya wakati, mkoa wowote.

Kwetu umeme unakatika kila mara. Hesabu inabadilika?

Inabadilika kabisa, na kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalipa: inveta ya kawaida ya kuunganishwa na gridi hujizima gridi inapokatika, hata kama ni mchana na jua limewaka. Imetengenezwa hivyo ili umeme wako usimpige fundi anayeshughulikia nyaya za barabarani. Ukitaka taa ziendelee kuwaka unahitaji inveta ya aina nyingine, inayoweza kufanya kazi bila gridi, pamoja na betri, na bei inapanda.

Lakini mahali hapo usilinganishe betri na bei ya gridi. Ilinganishe na unachotumia umeme ukiwa haupo. Kama ni jenereta, andika mafuta ya mwezi mmoja, matengenezo na plagi, ugawe kwa yuniti ulizopata. Yuniti ya jenereta ndogo ni ghali mno, na betri ambayo ilionekana haina faida kwa mtu wa gridi tulivu inakuwa nafuu kwako. Vilevile dawa zinazohitaji friji, au kazi ya kompyuta inayokuletea kipato, zina thamani ambayo haionekani kwenye bili. Ziandike. Watu wa mikoa yenye umeme imara hawazioni gharama hizi, ndiyo maana ushauri wao haukufai.

Nikikopa, bado inalipa?

Riba inaweza kufuta kila kitu nilichosema hapo juu. Ukikopa 300,000 kwa miaka 5 kwa riba ya asilimia 6 inayohesabiwa kwa salio linalopungua, utarudisha karibu 348,000. Kwa asilimia 18 utarudisha karibu 457,000. Tofauti ya 109,000 ni zaidi ya miaka 3 ya akiba ya nyumba ya kwanza. Mikoa miwili yenye jua moja na bei moja ya umeme lakini mikopo tofauti haiko sawa hata kidogo.

Linganisha rejesho la mwezi na akiba ya mwezi, tena mwezi wa mawingu. Kama rejesho linazidi akiba, tofauti hiyo inatoka mfukoni mwako, na ni lazima ujue itatoka wapi kabla ya kusaini. Kwa wengi ningeshauri waanze na mfumo mdogo wa fedha taslimu wenye inveta inayokubali kuongezewa paneli.

Gharama za baadaye ni zipi?

Paneli huchakaa polepole, karibu asilimia 0.5 kwa mwaka, na waranti nyingi za uzalishaji ni za miaka 25. Inveta ndiyo huondoka mapema, kwa kawaida kati ya miaka 10 na 15, kwa hiyo weka moja ya akiba kwenye hesabu. Katika mfano wetu, nikiongeza 40,000 za inveta ya pili, yuniti moja ya nyumba ya kwanza katika miaka 25 inagharimu takriban 2.3, na ya nyumba ya pili takriban 3.2. Zote ziko chini sana ya bei ya gridi.

Mazingira huongeza au kupunguza. Karibu na bahari chumvi hula vyuma na viungio, kwa hiyo uliza kama vyuma ni vya alumini au chuma cha pua. Kwenye vumbi jingi na mvua chache, umeme hupungua wiki hadi wiki, na kuosha kwa maji na kitambaa laini asubuhi na mapema kunatosha. Karibu na ikweta, ambako paneli zingeweza kulazwa bapa, zipe mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua iziteremshie uchafu.

Muuzaji ananiahidi akiba ya asilimia 80.

Asilimia 80 ya nini? Ya yuniti, ya bili nzima pamoja na ada zisizobadilika, au ya mwezi mmoja wa kiangazi? Mwambie aandike yuniti kwa mwaka, sehemu utakayotumia papo hapo, na bei aliyotumia kwa yuniti ya kununua na ya kuuza. Akikataa kuandika, hesabu hiyo si ya nyumba yako.

Nifanyeje kulinganisha na ndugu yangu wa mkoa wa pili bila kudanganyana?

Mimi na dada yangu tulifanya hivyo. Mifumo yetu ni ya ukubwa mmoja, paneli za aina moja, lakini bili yake ilikuwa haishuki kama yangu. Kila mtu alimwambia ni mawingu ya kwao. Tukakubaliana kupiga picha ya kioo cha inveta mara tatu kwa siku kwa muda wa wiki: saa tatu asubuhi, saa sita mchana, saa tisa alasiri. Siku ya kwanza, siku isiyo na wingu pande zote mbili, picha yake ya saa tatu ilisoma wati 410 na yangu wati 1,630. Saa sita tulikuwa karibu sawa.

Mawingu hayaji kwa saa namna hiyo. Nilimwomba apande ngazi asubuhi atazame paa, akanitumia picha moja tu: kivuli cha tangi la maji kimelala juu ya paneli mbili za mwisho. Paneli zikiunganishwa kwa mfululizo, iliyofunikwa inaweza kuwazuia wenzake wote, kama bomba linalobanwa mahali pamoja. Fundi aliyefunga alifika adhuhuri, hakukiona kivuli. Tangi lilisogezwa mita tatu na asubuhi yake ikarudi. Miezi yote ile alikuwa akilaumu anga la mkoa mzima.

Basi linganisheni yuniti kwanza, fedha baadaye. Gawanyeni yuniti za mwaka kwa kilowati za paneli. Kama namba zenu zinakaribiana na ramani, mifumo ni mizima, na tofauti ya fedha itafuteni kwenye bei, kanuni na saa za matumizi. Kama mmoja yuko chini sana ya ramani, atazame paa kabla ya kulaumu mkoa.

Nisubiri bei zishuke?

Kwa ajili ya paneli, hapana, zimeshakuwa sehemu ndogo ya gharama na haziwezi kukuokolea mengi tena. Betri ndizo zimekuwa zikishuka, kwa hiyo unaweza kufunga paneli sasa na kuacha nafasi ya betri. Kinachonitia wasiwasi katika kusubiri ni kanuni za ziada. Nilizozitaja hapo juu zote zilielekea upande mmoja, wa kumpa mwenye paa kidogo zaidi kuliko jana. Penye utaratibu mzuri unaolinda waliotangulia, kila mwaka wa kusubiri una gharama. Pasipo na utaratibu wowote, subira haikupotezei kitu, na muda huo utumie kusoma mita yako.

Nikihamia mkoa wa jirani, nihame na paneli zangu?

Mara chache inafaa. Utalipa fundi mara mbili, kuzishusha na kuzipandisha, utaacha matundu ya kuziba kwenye paa, na waranti nyingi za ufungaji hufa paneli zikishahamishwa. Ulinzi wa kanuni za zamani nao mara nyingi hubaki na nyumba au mkataba wa mita, hauendi na wewe. Betri na inveta inayobebeka ni rahisi zaidi kuhamisha. Ukiuza nyumba, mwonyeshe mnunuzi rekodi ya yuniti ya miezi 12 kutoka kwenye inveta pamoja na bili za miezi hiyohiyo. Ukiwa mpangaji, kubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa tundu la kwanza: paneli ni za nani, na siku ya kuondoka zinahesabiwa kwa bei gani.